Ukisafiri na mjukuu kwa RV, mpe kazi ya utingo

Nimeendesha lori miaka kumi na minne, Dar hadi Tunduma, na mteremko wa Kitonga nimeushuka na shehena mgongoni mpaka woga ukanitoka. Kwa hiyo binti yangu aliponiomba nimchukue mwanawe wa miaka tisa likizo ya kiangazi, tukodi RV hapa Minneapolis twende hifadhi ya taifa ya Badlands kule Dakota Kusini, nilicheka. Gari lenye kitanda, jiko na choo ndani? Hiyo si safari, ni kuhama na nyumba.

Siku ya kwanza tu nilinyooshwa. Badlands ni kama maili 500, nami nilipanga kuzimaliza kwa siku mbili. Tulipofika Sioux Falls mtoto amenuna, mimi kiuno hakinyooki. Kesho yake nikaichana ratiba. Tukaishia Chamberlain, ukingoni mwa mto Missouri, chini ya maili 150. Tulifika mchana, tukarusha mawe majini hadi giza likaingia. Tangu siku hiyo sishiki usukani zaidi ya masaa manne kwa siku nikiwa na mtoto.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kumkalisha kama abiria. Abiria mdogo huchoka, akichoka anarudi kwenye simu. Nikamwambia lori lina dereva na lina utingo, na utingo asiposema "twende", gari haling'oki. Aliipenda kazi kuliko nilivyotegemea. Kila asubuhi alizunguka gari na karatasi yake: waya wa umeme umechomolewa, mpira wa maji umekunjwa, gesi imefungwa, ngazi imerudi ndani, makabati yamebanwa. (Kabati likisahauliwa, kona ya kwanza tu masufuria yote yako sakafuni.) Nilimwandikisha pia kimo cha gari kwa kalamu nzito, tukakibandika mbele ya usukani, kwa sababu ukizoea gari dogo unasahau kwamba una paa refu juu yako. Kwenye hifadhi ya jimbo ya Custer, barabara ya Needles inapenya tundu la mwamba lenye upana wa futi 8 hivi. Gari letu lilikuwa pana kuliko hapo. Tukapita njia nyingine, tukakuta nyati wa kule wamesimama katikati ya lami, nikapata nafasi ya kumsimulia tembo wa Mikumi wanavyowasimamisha madereva.

Kazi ambayo sikumpa ni ya choo. RV ina tangi la maji ya choo na tangi la maji ya sinki na bafu. Vaa glavu, mwaga ya choo kwanza, halafu ya sinki yafuate yasuuze mpira. Na kabla hujafungua kifuniko cha bomba, hakikisha valvu zote mbili zimefungwa. Nilijuaje hilo, tuliache.

Karatasi nazo. Beba barua ya wazazi yenye sahihi, inayokuruhusu kumtibisha mtoto, pamoja na nakala ya kadi yake ya bima. Jina langu na lake hayafanani hata herufi, na usiku wa homa si wakati wa kuanza kueleza ukoo. Unapokodi, uliza viti vipi vya nyuma vina mikanda na vinatazama mbele. Kitanda ni cha gari lililosimama. Na kama umefika miaka 62, nawe ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, nunua pasi ya wazee ya hifadhi za taifa: dola 80, ya maisha. Pale ambapo kiingilio hulipwa kwa gari, inawafunika wote mliomo ndani.

Badlands, usikose kupita kituo cha wageni. Mtoto hupewa kijitabu cha maswali, akikimaliza anaapishwa na askari wa hifadhi na kuvishwa beji. Wangu aliapa kwa sauti hadi watu wakageuka. Huyu ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alirudi garini akasema, "Babu, sasa mimi utingo na askari."

Usiku wa mwisho, turubai la kivuli ubavuni mwa gari lilikuwa bado limekunjuliwa. "Babu, turubai," akasema akiwa kitandani. Nikamwambia alale, upepo wenyewe mdogo. Saa nane ukaja upepo wa tambarare, ambao hauna mlima wa kuuzuia, ukaipinda mikono ya turubai kama waya wa nguo. Sehemu ya amana yangu ikabaki kwa mwenye gari. Asubuhi utingo hakusema neno. Alichukua kalamu nzito, akaandika juu kabisa ya karatasi yake, kabla ya umeme na maji: TURUBAYI.