Mawe ya Mkulumuzi pale Amboni

Kaka, uliuliza kama yale mawe meusi ya kingo za mto Mkulumuzi, pale Amboni karibu na mji wa Tanga, ni ya volkeno. Si ya volkeno. Ni mawe ya chokaa, yaleyale ambayo ndani yake yamechimbika mapango ya Amboni. Yalijijenga chini ya bahari enzi za Jurasiki, kama miaka milioni 150 iliyopita, na ule weusi uliokuchanganya ni kuvu na uchafu wa juu tu. Vunja kipande, ndani utakuta rangi ya maziwa au kijivu. Mwezi wa saba tulipita pale na kikundi chetu cha matembezi, watu kumi na wawili, tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Mzee mmoja akakamulia ndimu kwenye jiwe lililopasuka, ikatoa vipovu vidogo vidogo. Jiwe la volkeno kwa kawaida halifanyi hivyo. (Ndimu yenyewe ilikuwa ya mihogo, tukala mikavu.)

Vile vitundu vilivyotoboka mwambani kama jibini vimetokana na maji ya mvua, yana asidi kidogo, yanakula chokaa taratibu.

Ila mnaokwenda Jumamosi, hapo kwenye kingo msivae kandambili. Chokaa iliyolowa inateleza kuliko sabuni, na pale palipokatika ncha zake zinachana. Na kama huko juu kumenyesha usiku, msishuke mtoni hata kama mjini kukavu; maji hupanda ghafla. Mto wenyewe ni Mkulumuzi; kuna aliyeandika kuwa ni mto Sigi, kachanganya. Sigi ndio ule wenye bwawa la Mabayani.