Jibu: Nimwonyeshe nani mswada wangu?

Dada, umeuliza kama ni salama kumpa mswada wako mwandishi mwenzako mnayejuana kwa simu tu, maana unaogopa kuibiwa hadithi. Mpe, ila anza na sura moja. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Tanzania, ya 1999, inailinda kazi tangu unapoiandika, hata kabla hujaisajili. Wazo tupu ndilo halilindwi, kwa hiyo tunza nakala zenye tarehe.

Mwaka juzi nilikaribia kuitupa riwaya yangu. Rafiki wa Arusha, tuliyekuwa hatujawahi kuonana, akaniomba nimsomee sura ya tatu kwenye simu. Nilikuwa kibarazani hapa Moshi, mvua inapiga bati, nasoma kwa kupaza sauti. Nilipofika pale mama anapomenya ndizi za mtori huku barua ya mwanawe ameificha chini ya sinia, akanikatiza: "Hapo! Mwenye siri hasemi maneno mengi hivyo. Mwache amenye." Nikafuta nusu ukurasa. Mhariri wa kulipwa asingenionea uchungu namna ile.

Mama yangu mzazi alipolazwa, mtu huyo huyo alipanda basi, karibu kilomita 80, akaja na chupa ya uji. Tulionana mara ya kwanza kwenye benchi la wodini.

Nitumie sura yako ya kwanza. Nitaisoma Jumapili nikitoka kanisani, nami nitakutumia yangu. Uikate bila kunionea haya.