Kioo si bekapu, mgosi. Futa huo mstari wa mwisho kwanza

Salamu baadaye. Umeuliza mambo manne kuhusu kuweka kioo, yaani seva ya pili inayojinakilia kila kilicho kwenye seva kuu ya Git (programu inayotunza kodi na historia yake): kompyuta ya RAM ngapi, Gitea (seva ya Git yenye kurasa za wavuti) au Git peke yake na cron (inayoendesha amri kwa ratiba), kuunganisha kwa SSH au HTTPS, na kioo kijisasishe kila baada ya muda gani. Halafu mwishoni ukagusia, kama jambo dogo tu, kwamba seva ya kioo ikishakaa hapo ofisini Chumbageni utaacha kuchukua bekapu kwa sababu "kopi ipo". Na skripti uliyobandika inamalizia na `git remote update --prune` (kukifananisha kioo na seva kuu) kisha `git gc --prune=now` (kufagia papo hapo kisichoshikwa na kitu tena). Hiyo skripti naijua herufi kwa herufi. Ndiyo iliyonimaliza.

Yangu ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani chumba cha nyuma, Ngamiani. Kazi yenyewe ni programu ya stoo na risiti ya duka la vifaa vya ujenzi. Cron ilikuwa inaamka kila dakika 15. Ijumaa moja, kabla ya kwenda kuswali, mwenzangu akakaa kwenye laptopu yenye kopi ya miezi miwili nyuma, akaandika `git push --mirror` kuelekea seva kuu. Alidhani maana yake ni "peleka nilichonacho". Hapana. Maana yake ni "seva ifanane na mimi": tawi (mkondo mmoja wa kazi) ambalo laptopu haina linafutwa kule, na lililopo linarudishwa pale laptopu ilipo. Matawi 6 yakaenda, na main, tawi kuu, ikarudi miezi miwili.

Sikushtuka. Nikamwambia tulia, kioo kipo. Jumatatu asubuhi nikafungua kompyuta ya Ngamiani, nikaandika `git branch`. Tawi moja. Kioo kilikuwa kimetii ndani ya robo saa ya kwanza! Ukitumia `git clone --mirror`, Git inaandika kwenye config (faili la mipangilio) `+refs/*:refs/*`, na hiyo alama ya kujumlisha ndiyo ruhusa ya kupokea hata historia iliyorudishwa nyuma. `--prune` nayo inafuta kila kilichofutwa kule. Mtu akinyoa ndevu, kioo hakimwoneshi za jana.

Bado kulikuwa na tundu la kutokea. Komiti (hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa) ikipoteza tawi, Git haiitupi papo hapo. Kwa kawaida gc, ufagio wa Git, inaiachia siku 14, na zilikuwa zimepita tatu tu. Nikaandika `git fsck --unreachable`, inayoorodhesha vilivyobaki bila tawi. Ikahesabu kidogo, ikanirudishia alama ya dola. Hakuna mstari hata mmoja. Nikaandika tena, na tena, kama mtu anayepapasa mfuko alioupapasa tayari. `--prune=now` ilikuwa imeshafagia nyumba nzima. Reflog (daftari la pale tawi lilipokuwa awali) usiiwazie: repo (hazina ya kodi) ya aina hii haiiweki mpaka uiwashe mwenyewe, na hata ukiiwasha, tawi likifutwa linaondoka na reflog yake.

Aliyenifundisha huo mstari ni mwalimu mmoja wa video. "Ili diski isijae." Diski gani? Repo yote ilikuwa MB 40! Niliandika chini ya video yake nikieleza yaliyonikuta, maelezo yangu yakafutwa, video ikabaki. Leo nakukuta wewe umebeba skripti ile ile, na hilo linaniuma kuliko hasara yenyewe. Hasara tuliilipa: wiki 7 za kuandika upya usiku, bila malipo, na mwenye duka tukamrudishia laki nane.

Sasa sikiliza. Weka kitu ambacho kioo hakikigusi. Kila siku tengeneza bundle, faili moja lenye historia yote, na jina lake liwe na tarehe, `git bundle create duka-2025-03-07.bundle --all`, usiandike juu ya la jana, kisha lihamishie kwenye diski ya nje na uichomoe. Ichomoe kweli, isibaki inaning'inia kwenye kompyuta ile ile. `git bundle verify` ni nzuri lakini haitoshi. Lifungue faili kwa `git clone` kwenye folda mpya uone kazi yako kwa macho. Na kama seva kuu ni yako mwenyewe, iwekee `receive.denyDeletes true` na `receive.denyNonFastForwards true`. Ya kwanza inakataa tawi kufutwa, ya pili inakataa tawi kurudishwa nyuma. Hizo mbili zingemgomea mwenzangu ile Ijumaa, akaenda zake msikitini na sisi tukalala salama.

Kuhusu muda, Gitea yenyewe huanza na kusasisha kila baada ya saa nane kupita, na kwa ofisi ndogo zinatosha. Dakika 15 zilinisaidia kupoteza haraka tu. RAM na SSH wapo humu watakaokujibu vizuri. Mimi nataka kitu kimoja: leo usiku ondoa ule mstari, tengeneza bundle moja, ifungue kwenye folda mpya, halafu ubandike hapa matawi uliyoyakuta.