Usinihesabie Mapigo: Namna Ninavyohakiki Mieleka ya Japani na ya Kampuni Ndogo

Hakiki yangu ya kwanza ya mieleka ya Japani ilizidi maneno elfu mbili, na haikusema kitu. Ilihusu pambano la Juni 9, 1995, katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo: Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi wakitetea ubingwa wa timu wa kampuni ya All Japan dhidi ya Toshiaki Kawada na Akira Taue. Niliandika kila pigo lilivyofuatana na jingine. Kiwiko, teke, kofi la kifua, kiwiko tena. Nikampa binamu yangu asome. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa hajawahi kukaa akatazama pambano la mieleka hata moja. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza: "Kaka, huyu Kobashi mbona alimlalia mwenzake? Alikuwa anafanya nini pale?"

Sikuwa nimeeleza. Kobashi aliingia ulingoni siku ile paja limefungwa bendeji, na Kawada na Taue hawakuuacha ule mguu. Waliupiga, wakaukunja, wakaurudia. Mwishoni, akiwa hawezi hata kusimama sawasawa, aliona Misawa yuko chini na wale wawili wanamjia. Akajiburuta, akalala juu ya mwenzake, mateke yakamshukia yeye. Walimbandua kwa nguvu, akarudi. Baada ya dakika 42 Kawada akamlaza Misawa mabega chini kwa hesabu ya tatu, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Moyo wa pambano zima uko hapo, na mimi nilikuwa nimeupa nusu mstari, katikati ya sapleksi mbili, yale mabwago ya kumbeba mtu na kumwangusha nyuma.

Swali lile la binamu ndilo limeniongoza tangu hapo. Hakiki ni kumweleza mtu ambaye hakuwapo kwa nini watu waliinuka vitini. Msomaji akitaka orodha ya mapigo, video ipo.

Nianze na kikwazo ambacho kila anayeandika kuhusu mieleka atakutana nacho nyumbani, kazini na kwenye daladala: "Lakini si yamepangwa?" Ndiyo, mshindi anajulikana kabla. Basi fikiria ngonjera. Wale wanafunzi wawili wanaosimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja akibishana na mwenzake, wote wanajua beti ya mwisho itasema nini, na mwalimu aliyewafundisha amekaa pale pale. Bado tunajua nani ameimudu sauti yake na nani ameropoka tu. Tunajua ni wapi ubishi ulikuwa na uzito na wapi ulichosha. Mwanamieleka naye anapimwa hivyo. Tofauti yake ni kwamba maumivu hayapangwi: kofi la kifua la Kobashi lilikuwa kofi kweli, na vifua vilivyovimba wekundu kwenye kamera havikupakwa rangi.

Mimi hutazama kila pambano mara mbili. Mara ya kwanza sishiki kalamu wala simu. Nakaa kama nilivyokuwa nikikaa kibanda umiza nikiwa mtoto, nimebanwa kwenye benchi, macho juu. Likiisha, naandika mambo matatu au manne ninayoyakumbuka bila kurudisha video. Mara nyingi hayo ndiyo hakiki. Kilichokupita bila kuacha alama usikilazimishe kuingia kwa sababu tu kilikuwa kigumu kutenda.

Mara ya pili natazama kwa saa. Hapa Wajapani wamemrahisishia kazi mhakiki, na sijui kwa nini wengi hawaitumii nafasi hii. Kila baada ya dakika tano mtangazaji wa ukumbi hutamka muda uliopita: *go-fun keika*, dakika tano zimepita, *juppun keika*, dakika kumi. Huhitaji kujua Kijapani kingine chochote. Kila ukisikia tangazo hilo, andika nani ana nguvu sasa, nani anatafuta pumzi, na kiungo gani cha mwili kimekwisha kuguswa zaidi ya mara mbili. Mwisho wa pambano utakuwa na ramani. Utaona kwamba goti lililopigwa dakika ya nane ndilo lililomnyima mtu ushindi dakika ya ishirini na mbili, kwa sababu alishindwa kumfunika mpinzani upesi, yaani kumlaza mabega chini. Au utaona goti lile lilisahaulika, bwana akakimbia na kuruka kama hakuguswa. Hilo nalo liandike. Mimi ni mkali sana hapo. Ukitumia dakika kumi za muda wangu kuniaminisha kwamba mguu umevunjika, usiniruke nao.

Muda pia una sheria zake. Chukua mapambano ya Kazuchika Okada na Kenny Omega katika kampuni ya New Japan. La kwanza, Januari 4, 2017, Tokyo Dome, lilikwenda zaidi ya dakika 46 na Okada akabaki na mkanda wa ubingwa. La pili, Juni 11 mwaka huo huo, Osaka, lilifika dakika 60 bila mshindi. La tatu lilikuwa Agosti 12, kwenye mashindano ya G1 Climax, ambako pambano la makundi haliruhusiwi kuvuka dakika 30. Omega alishinda kwa dakika zisizofika 25. Watu wengi hulitaja la kwanza. Mimi nalipenda la tatu kuliko yote, kwa kuwa wote wawili walijua saa inawakimbiza, na ile haraka inaonekana tangu kengele ya kwanza: shingo ya Okada ilishambuliwa bila kupoteza muda, hakuna aliyezunguka ulingo akisubiri kupigiwa makofi. Ukihakiki la tatu kwa kipimo cha la pili utasema ni fupi, na utakuwa umekosa kuona kitu kilichofanywa kwa ustadi mkubwa.

Sikiliza ukumbi. Mashabiki wa Japani huweza kukaa kimya dakika nzima wakati watu wanashikana mikono, na mgeni hudhani wamechoka. Hawajachoka, wanatazama. Kelele ikija, inakuja kwa sababu. Kwa kipimo hicho, mapambano ya 2020 na 2021, wakati watazamaji waliruhusiwa kupiga makofi tu wasifungue vinywa kwa ajili ya korona, yahakikiwe kwa uangalifu wa pekee. Wanamieleka walikuwa wanafanya kazi bila nusu ya ala yao.

Kama unataka kujifunza kusikiliza ukumbi, tafuta pambano la wanawake la Agosti 28, 1985, Osaka: Chigusa Nagayo dhidi ya Dump Matsumoto, atakayeshindwa ananyolewa nywele. Nagayo alikuwa kipenzi cha wasichana wa shule wa Japani nzima, na walijaa pale. Aliposhindwa na mashine ikaanza kupita kichwani mwake mbele yao, kilio kilichotoka kwenye viti vile sijakisikia kwenye mchezo wowote mwingine. Nilipoandika kuhusu pambano hilo, zaidi ya nusu ya maneno yangu yalihusu wasichana wale, na sioni kwamba nilitoka nje ya mada.

Kampuni ndogo zinazoandaa mieleka zinataka jicho jingine. Ukumbi wa Korakuen, Tokyo, unachukua watu wasiofika elfu mbili, na kwa mieleka ya Japani huo ni kama msikiti wa Ijumaa: kampuni kubwa na ndogo zote hupita pale. Marekani, kampuni ya PWG ya California ilijijengea jina ndani ya ukumbi wa maveterani wa vita kule Reseda, watazamaji mia chache, jasho linawarukia walio mbele. Kamera ni moja au mbili. Taa mbovu. Sauti inakwaruza. Usimtoze mwanamieleka deni la taa. Jiulize alichofanya kinaeleweka kwa aliyekaa mstari wa mwisho wa ukumbi ule? Katika ukumbi mdogo, uso unaonekana, pumzi inasikika, na mtu anayejua kazi yake hutumia hayo kuliko kuruka kutoka juu ya nguzo.

Mfano wangu wa siku zote ni Oktoba 1, 2005, New York, Kobashi alipokwenda kupigana na Samoa Joe katika kampuni ya Ring of Honor, ambayo wakati huo haikuwa na umri wa miaka minne. Hapakuwa na kisa kirefu baina yao. Joe alikuwa mbabe wa nyumbani, mgeni ni mtu ambaye watazamaji wale walikuwa wamemjua kwa kanda za video zilizopita mkono kwa mkono. Basi pambano zima likawa swali moja: Joe atayastahimili yale makofi ya kifua? Wakasimama, wakapigana makofi, na ukumbi ukawa kama umepigwa radi. Ukihesabu aina za mapigo utaziona chache. Jibu la swali, hata hivyo, lilikuja polepole na kwa ukamilifu.

Kuna kampuni ambazo lazima ujue zinacheza mchezo gani kabla ya kuandika. FMW ya Atsushi Onita, iliyoanzishwa 1989, ilikuwa ya senyenge na milipuko. Wale wa kampuni ya UWF walitaka ionekane kama vita vya kweli, kabali na mateke, bila madoido. Vijana wanaofunzwa New Japan huvaa chupi nyeusi na buti nyeusi, hawapewi mapigo ya kifahari, na mara nyingi pambano lao huisha mmoja amekunjwa mgongo mpaka anagonga mkeka. Nimesoma hakiki inayolalamika kwamba pambano la vijana hao lilikuwa la kawaida mno. Ni sawa na kulalamika kwamba mwanafunzi wa madrasa anasoma alifu kwa kijiti. Kinachotazamwa pale ni hasira ya kijana asiyetaka kugonga mkeka, basi.

Kuhusu nyota ambazo wahakiki huzipa pambano: Dave Meltzer, mwandishi wa Wrestling Observer, ndiye aliyezifanya zijulikane dunia nzima. Lile la Okada na Omega la Januari 2017 alilipa nyota sita, na la Juni 9, 2018, Omega alipomnyang'anya Okada mkanda hatimaye, alilipa saba, ilhali kwa wengi kilele kilikuwa tano. Sina ugomvi na anayetoa nyota. Mimi niliacha. Niligundua kwamba nikishaandika namba, aya zote zilizobaki zinageuka kuwa utetezi wa namba, na wasomaji hubishana kuhusu robo ya nyota badala ya Kobashi. Ukipenda kuzitoa, ziandike mwisho kabisa, baada ya kumaliza kueleza.

Sasa jambo lililo zito zaidi kwangu. Aprili 9, 2017, Katsuyori Shibata alimpiga Okada kichwa kwa kichwa, bila kujikinga. Mlio wake ulisikika ukumbi mzima. Usiku ule ule niliandika nikausifu mlio huo, nikauita pigo la mwaka. Baadaye zikaja habari kwamba Shibata amekimbizwa hospitali, damu imevuja ndani ya fuvu, amefanyiwa upasuaji. Alikaa miaka kabla ya kurudi kwenye pambano kamili. Nilirudi nikaifuta sifa ile na kuandika kwa nini nimeifuta.

Na nilipaswa kuwa nimejifunza mapema. Misawa, yule yule wa 1995, alifariki Juni 13, 2009, Hiroshima, baada ya kuangushwa kwa mgongo ulingoni. Alikuwa na miaka 46. Kwa miaka mingi mashabiki, nami nikiwemo, tulikuwa tumeshangilia kila alipodondoka kwa shingo akainuka. Anguko lile la mwisho halikuwa la ajabu kuliko mengine aliyokwisha kuyapitia, na hilo ndilo linaloniumiza. Kwa hiyo siandiki tena "alianguka kwa shingo, safi sana". Nikiona mtu ameanguka vibaya nasema ameanguka vibaya. Nikiona wawili wamenifanya niamini kifo bila mmoja wao kuhatarisha uti wa mgongo, hao nawapa aya nzima, kwani huo ndio ufundi. Maneno yetu yanawafikia. Kijana wa kampuni ndogo anayelipwa kidogo akisoma kwamba tunasifu shingo, atatoa shingo.

Mambo ya kawaida, kwa haraka. Onyesho la Korakuen la jioni, saa kumi na mbili na nusu kwa saa za Tokyo, kwetu ni saa sita na nusu mchana, kwa hiyo mwenye kazi za ofisini ataangalia marudio. Jizuie kufungua mitandao kabla. Majina ya Kijapani yahakiki mara mbili, wanamieleka hubadilisha majina wakibadilisha kinyago. Tarehe na ukumbi viandike kila mara, kwa sababu watu hao hao wamepigana mara nyingi na msomaji lazima ajue unazungumzia lipi. Na kama hukulielewa pambano, tazama lililolitangulia.

Binamu yangu bado husoma hakiki zangu kabla hazijatoka. Juzi nilimpelekea ile ya Misawa na Kawada, Juni 3, 1994, Budokan, pambano ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko lolote. Nilidhani safari hii nimekamilisha. Akanipigia simu jioni: "Nimependa. Lakini hawa wanachukiana kama ndugu. Walijuana tangu lini?" Nikamwambia tangu sekondari, kule Ashikaga, wote walikuwa kwenye timu ya mieleka ya shule, Misawa akimtangulia Kawada kwa mwaka mmoja. Kimya kidogo. "Sasa mbona hujaandika?" Nimefungua faili tena, naanzia hapo.