Gorogoro lililobonyea

Ukiniuliza vipi mtu amtangulize Mungu katika kazi zake za kila siku, nitaanza na kosa langu. Kwa miaka mingi nilijihesabu mtu wa Mungu. Nauza nafaka sokoni, hapa Mombasa, na swala tano hazikunipita. Wenzangu walikuwa wakiniita ustadh, nami nilipenda kuitwa hivyo. Lakini gorogoro, yaani kopo nililopimia maharagwe, nilikuwa nimeligonga kitako kwa nyundo, kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu huoni kitu. Ukilijaza, mteja anakwenda kwake na upungufu wa konzi mbili nzima.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja kila Jumamosi kununua maharagwe ya nyayo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, maharagwe ya siku hizi hayajazi sufuria." Nikamjibu kuwa mvua zimekuwa mbaya. Nilimjibu hivyo nikiwa nimetoka kuswali adhuhuri, maji ya udhu hayajanikauka vizuri.

Ramadhani ikaingia. Baada ya alasiri tukakaa darsani, na sheikh akafasiri Sura ya 83, Al-Mutaffifin: ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa wanataka watimiziwe, na wakiwapimia watu wanapunguza. Sura hiyo niliihifadhi chuoni tangu utotoni. Siku hiyo nilitokwa na jasho nimeketi. Msikitini nilikuwa mja, kibandani nilikuwa bwana. Kumbe Mungu nilimwacha mlangoni pa msikiti, pamoja na viatu, ila viatu nilivikumbuka wakati wa kutoka.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, sitakwambia uongeze nyuradi, zile dhikri za kila siku. Nyuradi ni njema, lakini nilikuwa nazo. Tafuta lile jambo ambalo likikujia katikati ya swala unafanya haraka kulifukuza. Pengine ni mizani. Pengine ni simu yako, au mshahara wa dada wa kazi unaomcheleweshea kila mwezi. Hapo ndipo pa kumkaribisha Mola kwanza.

Na ujue utalipa. Nilinunua gorogoro jipya, bei ikabidi ipande, na baadhi ya wateja wakahama. Sikubaliani na wanaosema ukimtanguliza Mungu mfuko utajaa. Wangu ulipungua, na tuliishi kwa kubana. Nilichopata ni usingizi, na swala ambayo sikimbii kitu ndani yake. Haki za watu nazo hazifutiki kwa toba ya mdomo: niliowakumbuka niliwarudishia, na wale ambao sikujua nitawapata wapi nikawatolea sadaka kwa niaba yao. Bado natoa.

La pili ni kuipanga siku. Zamani nilikuwa natafuta upenyo kati ya wateja ndipo niswali. Sasa nahesabu kinyume: mzigo unashushwa kabla ya adhuhuri, mwenye deni nakutana naye baada ya alasiri. Ijumaa adhana ikilia nafunika magunia kwa turubai, hata mteja awe amesimama. Qur'ani imetuambia tuache biashara, kisha swala ikiisha tutawanyike tutafute riziki. Hatukukatazwa kazi, tumepangiwa zamu. Mikopo naiandika daftarini mbele ya mkopaji, kama tulivyoamrishwa. Zaka, ile asilimia 2.5, naihesabu kila tarehe 1 ya Ramadhani, ili nisiwe naisogeza mbele kila biashara inapobana.

Anza na swala moja kwa wakati wake, ikiwa tano zinakuelemea kuzipanga. Mimi nilianza na alasiri, kwa sababu ndiyo saa wateja wanapojaa na ndiyo iliyoniuma zaidi kuiachia.

Yule bibi nilimngoja Jumamosi tatu. Alipokuja nilimwonyesha lile gorogoro la zamani, nikampitisha kidole chake kwenye kitako, nikamwomba radhi. Alilishika kwa muda, akalirudisha juu ya gunia.

"Nilikuwa najua, mwanangu," akasema, akafungua mfuko wake. "Haya, nipimie."