Vitabu vipya kukwama chumba cha kuorodhesha: anza na kipande cha karatasi

Mkuu uliyeuliza kwa nini vitabu vipya vinakaa miezi kabla ya kufika rafuni, na kama dawa ni kuajiri mkutubi wa pili: usiajiri kwanza. Niko kwenye kazi hii mwaka wa 11, na ugonjwa wako nimeuugua.

Kila kitabu kinapotoka kwenye boksi, chomeka karatasi ndani ya jalada. Anayepokea, anayepiga mhuri, anayeorodhesha, anayebandika lebo, kila mmoja anaandika tarehe yake, basi. Usimwambie mtu aongeze kasi. Baada ya mwezi zikusanye uzisome.

Zetu zilinitia aibu, maana nilishazoea kulalamika kwamba nimeelemewa. Rekodi moja, yaani maelezo ya kitabu kwenye katalogi, ilinichukua chini ya nusu saa. Wiki zote zilizobaki kitabu kilikuwa kinangoja tu. Kuna vilivyomalizwa kila kitu vikakaa siku 19 kwenye toroli, vinasubiri lebo ya mgongoni. Nikamfuata dada wa lebo. Akanionyesha karatasi ya stika: "Hii ina lebo 30. Nikichapa 4, zilizobaki zinapotea. Kwa hiyo nangoja vitimie." Kumbe alikuwa anabana matumizi! Koha, programu ya maktaba tunayotumia, inakuruhusu kuchagua uanzie lebo ya ngapi kwenye karatasi, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha, mimi nikiwemo. (Karatasi iliyokwisha kubanduliwa baadhi ya stika usiipitishe mara nyingi kwenye printa ya leza, stika huganda humo ndani.)

Jambo la pili ni kutenganisha foleni. Vitabu vyote vilikuwa vinapita kwangu kwa zamu, kigumu kimetangulia, vyepesi 20 vimepanga mstari nyuma yake. Sasa msaidizi anatafuta ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) zote siku ileile boksi linapofunguliwa, kupitia Z39.50, njia ya kutafuta na kuvuta rekodi kutoka katalogi za maktaba nyingine. Chenye rekodi huko nje anakivuta na kukimaliza mwenyewe. Kisicho na rekodi ndicho kinakuja mezani kwangu. Angalizo kwa vitabu vya kabla ya 2007, vyenye ISBN ya tarakimu 10: ukikosa, jaribu ya tarakimu 13, lakini kuweka 978 mbele hakutoshi, tarakimu ya mwisho nayo hukokotolewa upya. Msaidizi wetu alikuwa anaiacha ileile, kisha ananiletea vitabu eti havina rekodi.

Halafu acheni kupiga pasi rekodi za watu. Nilikuwa nabadilisha kila 260 kuwa 264 (namba za sehemu ya rekodi inayotaja mchapishaji) kwa sababu tu ndivyo inavyofanywa kwenye rekodi zinazofuata RDA, kanuni mpya za kuorodhesha. Msomaji haoni tofauti. Kwenye rekodi ya kuvuta tunakagua jina la kitabu, mwandishi, toleo, mwaka, kurasa na namba ya Dewey (ya kupanga vitabu kwa mada), tunasonga mbele. Hapo kwenye toleo msiruke kamwe. Niliwahi kubandika toleo la tatu kwenye rekodi ya toleo la pili, kwa haraka zangu, na aliyegundua ni mwanafunzi aliyekuwa akitafuta sura ambayo katalogi haikuitaja.

Majina ya waandishi pia hayataki haraka. Mkutubi mmoja akianza na jina la ukoo na mwingine na jina la kwanza, mwandishi mmoja anakuwa watu wawili kwenye katalogi, na anayetafuta anapata nusu ya vitabu vyake. Kusafisha hilo baadaye kunakula muda kuliko yote niliyotaja.

MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi, ni nzuri kwa kurekebisha rekodi mia kwa mpigo, ila fanyia kazi nakala ya faili. Mimi nilikusudia kufuta 653 (maneno huru ya mada), kidole kikaandika 650 (vichwa rasmi vya mada), vyote vikayeyuka. Ijumaa jioni, hiyo.

Ukishapata karatasi zako za mwezi, rudi hapa utuambie vitabu vinalala wapi. Nina wasiwasi na hatua ya mhuri.