Mkwe hataki nimwone mjukuu wangu

SWALI: Binti yangu alifariki akiacha mtoto wa miezi minane. Nimemlea mimi hapa Muheza hadi akaanza darasa la kwanza. Baba yake alituma hela ya sabuni alipokumbuka. Mwaka jana ameoa, akaja kumchukua kwenda Dodoma. Sasa simu zangu hapokei. Majirani wananiambia nikamvizie mtoto shuleni nirudi naye. Nina haki yoyote?
Bibi mzaa mama, Muheza

JIBU: Shikamoo Bibi. Hao wa kuvizia shuleni waambie waende wao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtorosha mtoto kutoka kwa mtu aliye naye kihalali, na baba ni baba hata kama alituma sabuni tu. Ukishikwa stendi na mtoto mkononi, umempa mkweo kesi ya bure.

Sheria hiyohiyo haikukusahau, lakini. Kifungu cha 38 kinamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuiomba mahakama amri ya kumwona. Cha 37 ni cha kuomba akae kwako kabisa. Hapo ubibi pekee hautoshi, onyesha ulezi: kadi ya kliniki, barua ya mtendaji wa kijiji, mwalimu aliyekuwa akikuona ukimleta asubuhi.

Mimi ningekushauri uombe kumwona tu. Mahakama huangalia kwanza masilahi ya mtoto, na huona ni vema akae na mzazi isipokuwa haki zake zinavunjwa mfululizo. Kuoa tena si kosa, Bibi, hata kama kunauma. Ila mahakama hupima pia mtoto asikatizwe malezi aliyoyazoea, na humsikiliza mwenyewe anataka nini. Hapo una nguvu.

Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, awasiliane na mwenzake wa Dodoma, mkwe aitwe mzungumze. Usiende na ukoo mzima. Mjomba mmoja mpole anatosha. Mkwe akigoma, fungua maombi Mahakama ya Watoto, na usiandike tu "nataka kumwona mjukuu wangu". Andika likizo ya Juni na ya Desemba aje Muheza, simu kila Jumapili jioni, nani atampandisha basi, na nauli inatoka mfuko wa nani. Kama unaweza kulipa ya kwenda au ya kurudi, sema hivyo mapema. Watu wengi hukwama kwenye nauli wakati amri wanayo mkononi.